Uyoga umeota kwenye ukoka? Tafuta mti uliofukiwa

Natunza bustani za watu hapa Shanty Town, Moshi. Masika ikikolea, simu huanza kuita alfajiri: "Kaka, njoo uone, uwanja umejaa uyoga, na jana haukuwepo!" Naenda na mtaimbo, sururu na jembe uma. Sumu sibebi.

Uyoga ule wa juu ni kama embe. Mwembe wenyewe uko ardhini, nyuzi nyembamba nyeupe zinazokula mbao, mizizi na majani makavu. Ukichuma embe, mwembe haufi. Vivyo hivyo dawa ya ukungu ukiipulizia juu, haizifikii nyuzi zilizojificha ndani ya kisiki. Nimeona watu wakimaliza fedha duka la pembejeo, mvua inayofuata uyoga uko palepale.

Kama una mtoto mdogo au mbwa, ung'oe asubuhi kabla hawajatoka nje. Vaa glavu, tupa mbali, kisha nawa mikono. Hapa naomba unisikilize vizuri. Kuna uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia juu ya kofia, unapenda sana majani yanayokatwa. Ukikomaa, vikunjo vya chini ya kofia hugeuka kijani. Huo hutapisha na kuharisha vibaya ndani ya saa chache, na watu huudhania ule wa kichuguu tunaokula. Upo na mwingine ambao sumu yake hukaa kimya hata saa 6 hadi 24, huku ini likiharibika, na kuupika hakusaidii. Kwa hiyo mtoto akila, usingoje aumwe na usimlazimishe kutapika. Kimbiza hospitali, na uyoga uliobaki uufunge kwenye karatasi uende nao, daktari auone.

Baada ya hapo ndipo uchimbe. Angalia uyoga umejipangaje. Kwa mama mmoja ulitoka getini ukanyooka hadi karibu na simtanki. Nikamuuliza, "Mama, hapa palikuwa na mti?" Akasema, "Palikuwa na mgrevilea mkubwa, tuliukata tulipojenga ukuta. Kisiki tukakifukia." Mstari ule ulikuwa mzizi. Nilichoma mtaimbo kila hatua moja, na ulipozama kirahisi nikajua hapo mbao imeoza. Siku mbili nimechimba, nimetoa toroli nne za mizizi laini yenye utando mweupe. Nikajaza udongo mpya, nikashindilia, nikapanda ukoka upya.

Nyumba mpya mara nyingi hazina kisiki. Kilichofukiwa ni vipande vya mirunda na mbao za zege, vilivyoachwa na mafundi na kufunikwa kifusi. Uliza aliyejenga.

Ukiona duara la majani ya kijani kibichi kuliko mengine, usishangae: nyuzi zinapoozesha vitu ardhini huachia naitrojeni, na majani yanashiba. Shida ni pale majani ya kwenye duara yanapokauka, kwa kuwa nyuzi zikisongamana udongo haupokei maji. Hapo toboa kwa jembe uma kina cha kiganja, tundu karibu karibu, halafu mwagilia taratibu mpaka maji yazame.

Mpira wa maji ufungue asubuhi, si jioni, na masika usiufungue kabisa. Majani yaliyokatwa yakirundikana, yakusanye kwa reki. Punguza matawi yanayoziba jua.

Kama nyumbani hakuna mtoto wala mbwa, mimi huwaambia watu wauache. Usipokausha majani kwa duara lile, haudhuru ukoka, unageuza mbao kuwa mbolea, na jua kali la siku chache linaumaliza.

Kwa yule mama, mzizi mmoja ulipita chini ya msingi wa ukuta, sikuugusa. Masika iliyofuata vichwa vitatu vya uyoga vilichomoza hapo. Akaung'oa mwenyewe kabla mjukuu hajaamka, akanipigia tu kunijulisha.