SOMO: Kompyuta ya mezani ikiwa nzito, ipime kwanza, kununua baadaye

Wakuu, habari zenu. Kompyuta ya mezani ikianza kuwa nzito, yaani kufanya kazi polepole, mwenyewe huambiwa mambo mawili: ongeza RAM (memori ya kazi za wakati huo), au piga Windows upya. Ushauri huo unaweza kuwa sahihi, na unaweza pia kukumalizia hela bure. Mashine yenyewe inajua inapokwama, na ukiiuliza inasema. Kwa hiyo tunaanza kwa kuiuliza. Bisibisi itakuja baadaye. Nazungumzia mashine zenye Windows 10 au 11, maana ndizo wengi wetu tunazo.

Hatua ya 1: Soma Task Manager

Washa, iache itulie dakika chache, kisha fungua programu zako za kila siku, zote, kama unavyofanya kazi. Usipime mashine ikiwa imekaa bure. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, halafu nenda kwenye ukurasa wenye grafu. Utaona prosesa, memori na diski.

Hapa ndipo wengi wanapotea. Mtu anaona diski iko asilimia 100, anakimbilia kununua diski mpya. Subiri. RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia sehemu ya mzigo kwenye diski, na diski nayo huonekana imezidiwa. Kwa hiyo soma memori kwanza. Memori ikiwa imepita asilimia 85 na diski nayo iko juu, mshukiwa wa kwanza ni RAM. Memori ikiwa na nafasi ya kutosha lakini diski imeganda kwenye 100, tatizo ni diski. Prosesa ikiwa juu muda wote, rudi kwenye orodha ya programu, bofya juu ya safu ya CPU (ndiyo prosesa) ili zijipange, uone ni ipi inayokula. Mara nyingi utakuta ni kivinjari chenye kurasa lukuki, antivairasi inayokagua, au Windows inajisasisha. Hiyo ya mwisho iache imalize.

Hatua ya 2: Zima zinazojiwasha zenyewe

Humohumo kwenye Task Manager kuna orodha ya programu zinazowaka pamoja na Windows. Zima usizozihitaji. Antivairasi na sauti usiziguse.

Hatua ya 3: Diski

Kama mashine bado inatumia diski ya kuzunguka (HDD), hakuna badiliko litakaloonekana haraka kama kuweka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. HDD ina sahani zinazozunguka, nyingi mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusoma kinachohama huku na kule. Ikisoma faili moja kubwa lililonyooka inaweza kufika megabaiti 150 hivi kwa sekunde. Ikipewa faili ndogondogo zilizotawanyika, na Windows inapowaka hufanya hivyo hasa, kasi inaanguka vibaya sana. SSD ya SATA (inayounganishwa kwa waya) hufika kama megabaiti 550 kwa sekunde, tena haina kichwa cha kuhamahama.

Uzuri wa kompyuta ya mezani ni nafasi. Huhitaji kuitoa diski ya zamani: SSD ibebe Windows na programu, ile ya zamani ibaki ghala la picha na video. Unahitaji waya mbili tu, ya data na ya umeme. Hamisha nakala ya faili zako kwanza. Na kama HDD inatoa mlio wa kugongagonga, acha somo hili, kanakili faili sasa hivi.

Hatua ya 4: RAM

DDR3, DDR4 na DDR5 ni vizazi vya RAM, na haziingiliani. Pengo la katikati limekaa mahali tofauti, usilazimishe. Windows 11 inataka angalau GB 4, lakini kwa kazi za kawaida mimi sishauri chini ya 8. Kagua pia kama Windows yako ni ya biti 32, kwa sababu hiyo haitumii zaidi ya GB 4 hata ukijaza nafasi zote.

Hatua ya 5: Vumbi

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Shika chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Puliza vumbi huku umezuia feni kwa kidole zisizunguke. Prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe, kwa hiyo vumbi nalo huleta uzito. Pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha) usiifungue kabisa: hata ikiwa imechomolewa, ndani hubaki umeme wa kudhuru.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kila nikiwasha, saa na tarehe zimerudi nyuma miaka, na tovuti nyingi zinagoma zikidai si salama. Ni virusi?

Jibu: Hapana mkuu. Ni betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, kwa kawaida CR2032 ya volti 3. Ikiisha, saa haitunzwi umeme ukikatwa. Tovuti hukaguliwa kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa mashine ikiamini tuko miaka ya nyuma, inaona vyeti vyote havijaanza kutumika. Badilisha betri, weka saa upya.

Swali: Feni zinazunguka, taa inawaka, skrini giza.

Jibu: Kama una kadi ya picha, hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyokubali. Ikishindikana, zima, chomoa umeme, toa RAM zote, safisha meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba, rudisha moja tu hadi isikike imebana. Jaribu kila moja peke yake.

Swali: Windows 10 imeachwa, na mashine yangu inakataa 11. Niitupe?

Jibu: Usitupe. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025, mashine bado inawaka ila haizibiwi tena matundu ya usalama. Windows 11 inadai TPM 2.0 (sehemu ya usalama ndani ya mashine), na kwenye mashine nyingi ipo ila imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc uone. Kama kinachokataliwa ni prosesa yenyewe, weka Linux Mint, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows. Kwa intaneti na kuandika inatosha.

Swali: UPS (kifaa chenye betri cha kushikilia umeme) inaweza kunifanyia kazi kwa saa ngapi umeme ukikatika?

Jibu: Saa? Zile ndogo za nyumbani hukupa dakika tu, za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Chomeka kompyuta na skrini peke yake. Printa ya leza usiichomeke hapo, huvuta umeme mwingi kwa ghafla inapopasha joto na UPS inaweza kuzidiwa ikajizima.