Programu moja, modeli nyingi za AI: namna ya kuchagua ya kuweka kwenye kompyuta

Kabla ya kulinganisha sura na rangi za programu za kuzungumza na modeli za AI (mifumo inayojibu maswali, kama ile iliyo nyuma ya ChatGPT), amua modeli zitafanyia kazi wapi. Kinachojibu maswali yako ni seva ya kampuni iliyo mbali au ni kompyuta yako yenyewe. Programu inapeleka swali na kuleta jibu. LM Studio ni ya kuendesha modeli ndani ya mashine yako. Chatbox na Cherry Studio zimejengwa hasa kwa wanaotumia ufunguo wa API (msimbo wa siri unaoiruhusu programu kutumia modeli za kampuni kwa kulipia matumizi) wa OpenAI, Anthropic, Google na wengineo, ingawa zinaweza pia kuunganishwa na Ollama, programu nyingine ya kuendesha modeli za ndani, iliyo kwenye mashine hiyohiyo. Jan na Msty zinafanya yote mawili. AnythingLLM itazame kama kazi yako kubwa ni kuuliza maswali juu ya mafaili yako ya PDF.

Kwa modeli za ndani, kinachoamua ni RAM, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta hufanyia kazi. Llama 3.1 yenye vigezo bilioni 8 (vigezo ni namba zinazounda modeli, na wingi wake ndio ukubwa wake), ikiwa imebanwa kwa biti 4 ili ichukue nafasi ndogo, ni faili la takriban GB 5. Kwenye mashine ya GB 8 inaweza kuingia, lakini Windows na kivinjari navyo vinadai sehemu yao, kompyuta inaanza kusoma diski na jibu linatoka neno kwa neno. GB 16 ndipo pa kuanzia. Ukiwa na GB 8 baki na modeli za vigezo bilioni 3 au 4. Hesabu na bando pia, maana kila modeli unayotaka kuijaribu ni GB kadhaa za kupakua.

Wanaonunua laptopu zilizotumika waangalie na prosesa. LM Studio kwenye Windows inahitaji maagizo yanayoitwa AVX2, ambayo Intel iliyaleta 2013 kwenye Core za kizazi cha nne. Laptopu yenye i5-3320M, ambayo bado imejaa madukani, ni ya kizazi cha tatu (tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari), kwa hiyo haifai hata ukiiongezea RAM. Kwa Mac, LM Studio inataka chipu za Apple, yaani M1 na kuendelea. Mac za Intel hazimo. Mashine ya namna hiyo itumie ufunguo wa mtandaoni, na hapo GB 4 za RAM zinaweza kutosha usipofungulia mambo mengi.

Sasa ufunguo. Hapa ndipo wengi hupoteza pesa: malipo ya mwezi ya ChatGPT Plus au Claude Pro hayakupi salio la API. Ni akaunti mbili tofauti, na programu hizi zinatumia ile ya API. Unaweza kufungua akaunti kwa kila kampuni, au ukachukua ufunguo mmoja wa OpenRouter unaofungua modeli za kampuni nyingi. OpenRouter hukata ada unaponunua salio, lakini kwa anayetaka kulinganisha modeli tano, usumbufu unaopungua unalipa ada hiyo. Malipo kwa kawaida ni kwa kadi. Asiye na kadi ya benki anaweza kujaribu kadi pepe ya Visa ya M-Pesa, kwa kiasi kidogo kwanza.

Tengeneza ufunguo, unakili palepale (hauonyeshwi mara ya pili), kisha uwekee kikomo cha matumizi, tuseme dola 5. Fungua mipangilio ya programu, tafuta sehemu ya watoa huduma, bandika ufunguo, chagua modeli moja ya bei nafuu na utume swali fupi. Modeli za bure zilizo na «:free» mwishoni mwa jina zinafaa kwa majaribio tu: zina kikomo kidogo cha maswali kwa siku, na baadhi ya wanaoziendesha huhifadhi unachoandika. Mikataba na taarifa za wateja usizipitishe huko.

Gharama inaumuka kimyakimya kwa sababu kila swali jipya hutumwa pamoja na mazungumzo yote yaliyotangulia. Chukua modeli inayotoza dola 3 kwa tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma na kuandika) milioni moja zinazoingia. Mazungumzo yakifika tokeni 20,000, kila swali, hata la maneno mawili, linaanzia senti 6 za dola kabla ya jibu. Kiswahili nacho hukatwakatwa kuwa tokeni nyingi kuliko Kiingereza kwa maana ileile. Kwa hiyo pendelea programu inayoonyesha idadi ya tokeni na inayokuruhusu kupunguza jumbe za nyuma zinazotumwa. Tazama pia modeli ipi inayoyapa mazungumzo kichwa: programu nyingi hutuma ombi la ziada kwa kazi hiyo, na hakuna haja ya kulituma kwa modeli ghali. Cherry Studio inakuruhusu kuichagua kando.

Kabla ya kuhamia moja kwa moja, toa mazungumzo mawili matatu kwa Markdown au JSON (aina za mafaili ya maandishi) uone kama yanasomeka nje ya programu. Isiyotoa kitu iache, hata iwe nzuri vipi. Na kwa kuwa mazungumzo hukaa kwenye diski yako, kuifuta programu kunaweza kuyafuta mazungumzo hayo pia.

Ikigoma, soma namba ya kosa. 401 ni ufunguo usio sahihi, mara nyingi nafasi tupu iliyoingia wakati wa kubandika. 402 kwenye OpenRouter ni salio kuisha. 404 ni jina la modeli lililokosewa, au anwani ambayo «/v1» imejirudia kwa sababu programu huiongeza yenyewe. 429 ni kuvuka kikomo: subiri dakika chache, na kwa OpenAI hakikisha kwamba salio lipo. Muunganisho ukikataliwa kwa Ollama, hakikisha imewashwa na anwani ni http://localhost:11434. Kwa seva ya LM Studio mlango (port, ile namba ya mwisho ya anwani) ni 1234. Modeli ya ndani ikisahau mwanzo wa mazungumzo bila kutoa kosa lolote, ongeza urefu wa muktadha (kiasi cha maandishi ambacho modeli inaweza kukishika kwa wakati mmoja) kwenye mipangilio yake, kidogo kidogo, maana nao unakula RAM.