Kupima Kasi ya Maji Kuchukua Nafasi ya Kloridi kwenye Kobalti(III)

Kwa anayetaka kufuatilia ligandi moja (molekuli au ayoni iliyofungamana na metali) ikiondoka na nyingine ikishika nafasi yake, ninapendekeza ayoni [Co(NH3)5Cl]2+, yaani kobalti iliyofungamana na amonia tano na kloridi moja, kuliko mfano mwingine wowote, kwa sababu hubadilika polepole kiasi cha kupimika kwa saa ya kawaida.

Hatua ya 1. Yeyusha gramu 0.25 za [Co(NH3)5Cl]Cl2 katika mililita 100 za asidi ya nitriki ya moli 0.1 kwa lita. Asidi ya hidrokloriki haifai, kwa kuwa kloridi yake huirudisha sehemu ya kobalti ilikotoka. Asidi yenyewe ni ya lazima: haidroksidi ikiwepo huondoa protoni kwenye amonia mojawapo, na kloridi hutoka kwa njia nyingine iliyo ya kasi zaidi.

Hatua ya 2. Pasha moto kwenye bafu la maji la nyuzi 60 za Selsiasi. Chota sampuli mara kwa mara, uipoze kwa maji ya bomba, kisha pima ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 550.

Hatua ya 3. Tafuta A∞, yaani ufyonzaji wa mwisho, baada ya kobalti yote kubadilika. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu kila nukta ya grafu hutokana na tofauti kati ya kipimo chako na thamani hii. Ukiikadiria juu mno, mstari wa ln(A − A∞), ambapo A ni ufyonzaji wa kila sampuli na ln ni logi asilia, hupinda kuelekea chini mwishoni. Ukiikadiria chini mno, mstari hulala, na mwanafunzi hudhani amegundua mmenyuko wa pili. Usisubiri mwisho kwenye nyuzi 60, ambako nusu ya kobalti huchukua takriban saa mbili kubadilika. Chukua sehemu ya mmumunyo uleule, uipashe kwa nyuzi 80, ambako muda huo hushuka hadi takriban robo saa, na uiache kwa saa tatu. Chupa izibwe barabara, kwa maana maji yakipotea kama mvuke mmumunyo hukolea na A∞ hupanda kwa uongo. Pima baada ya kupoa hadi joto lilelile la sampuli nyingine, kwa kyuveti (kichupa cha kupimia ufyonzaji) ileile. Siafiki kuchukua thamani hii kwenye jedwali la mtu mwingine, kwani haiwezi kusahihisha kasoro za mizani yako wala za kifaa chako.

Hatua ya 4. Chora ln(A − A∞) dhidi ya muda. Mteremko, ukiondoa alama ya hasi, ndio namba thabiti ya kasi.

Mstari ulionyooka hauthibitishi kwamba kloridi huondoka kabla ya maji kuingia, kwa sababu maji ndiyo kiyeyusho na kiasi chake hakibadiliki hata kama yanashiriki. Ushahidi wenye uzito hupatikana kwa kubadilisha ligandi inayoondoka: rudia kazi yote kwa [Co(NH3)5Br]2+, yenye bromidi badala ya kloridi, na kasi itapanda mara kadhaa, jambo linaloonyesha kwamba kukatika kwa kifungo cha zamani ndiko kunakoamua kasi.