Somo: Kuzoea kuzungumza na watu, kuanzia kwenye salamu

Zamani, hapa Lamu, nilikuwa nikitoka mtaani kwetu Langoni napita vichochoro vya nyuma mpaka gatini, ili nisiwapite wazee waketio uwanja wa Mkunguni. Nikifika, roho imetua. Kumbe ndiyo sumu: ukikwepa unapata nafuu ya leo, na moyo unaamini kweli palikuwa na la kuogopwa. Kesho hofu imezidi.

Hatua ya 1. Wiki nzima, salamu tu. Chagua daka, kile kibaraza cha mlangoni mwa nyumba, lenye watu wawili, si baraza zima. Toa salamu ya kusikika, ngoja uitikiwe, pita. Simu iwe mfukoni, ukiishika utajificha nayo.

Hatua ya 2. Ongeza swali moja. "Biashara nzuri?" hujibiwa "nzuri", basi, yamekwisha. Muulize muuza samaki, "Changu huyu kwenu mwampikaje?" Akisema wa nazi, na embe mbichi kidogo, shika hiyo embe: huwekwa lini, kwa nini? Hapa ndipo nilipofunguka mimi. Niliposikiliza kwa dhati, sikupata nafasi ya kuwaza mikono yangu niiweke wapi.

Hatua ya 3. Keti. Chukua kahawa, usiinuke mpaka kikombe kiishe. Moyo utadunda, kisha utapoa wenyewe. Ukiondoka ungali unadunda, umerudi vichochoroni.

Hatua ya 4. Jua kuaga. "Haya, nawaacha" yatosha. Wengi wetu hatuogopi kuanza, twaogopa kunaswa.

Maswali

Nikiishiwa maneno je?
Nyamaza. Wacheza bao hukaa kimya kitambo kirefu na hakuna anayewaona wajinga.

Mimi ni mwanamke, baraza la wanaume si langu.
Dada, anzia boti ya kwenda Shela, kijiji jirani. Safari ni fupi, na mwaketi karibu karibu. Kisha jikoni kwenye arusi: mikono ikimenya vitunguu, mdomo hulegea.

Nimeacha hata kazi kwa hofu ya watu. Hatua hizi zatosha?
Peke yake, hapana. Mwone daktari au mshauri nasaha. Hofu hii ina tiba, nawe utapanda ngazi kama hizi ukiwa na mtu kando yako.

Nimemsalimu mzee, hakuitika!
Mimi kuna mzee mmoja nilimnunia miezi miwili. Kumbe sikio la upande ule halisikii. Siku hizi nampitia kulia.