Tangi la Uani au Bomba la Pamoja? Anza na Udongo

Mimi ni fundi bomba, na kila ukizuka mjadala wa majitaka, kama kila nyumba iwe na tangi lake la majitaka uani au mtaa mzima uunganishwe na bomba la pamoja, huwaambia majirani: kabla ya kupiga kura, pimeni udongo. Chimba shimo la kina kile yatakapopita maji yanayotoka tangini, lijaze maji, liache lilowe usiku kucha. Asubuhi ongeza maji, kisha tazama saa. Yakichukua zaidi ya dakika 60 kushuka sentimita 2.5, udongo huo ni wa mfinyanzi, hautanyonya. Majitaka yataibuka uani. Yakitoweka upesi mno, usishangilie: mchanga hauyachuji, na vijidudu hufika visimani vikiwa hai. Pima msimu wa mvua, maji ya ardhini yakiwa juu.

Na umbali wa tangi na maji yake hadi kisimani je? Mimi sikubali chini ya mita 30. Viwanja vikibanana kiasi cha kukosa nafasi hiyo, bomba la pamoja ndilo salama, na hapo siyumbi. Lakini waulizeni wanaolitaka linaishia wapi, maana bomba lisilo na mtambo wa kusafisha huhamishia uchafu mtoni tu.

Anayebaki na tangi atoe tope kila miaka 3 hadi 5, na asijenge juu ya mfuniko.