Namna ya Kuchunguza Machafuko katika Kasi ya Upepo wa Kisumu

Machafuko hapa ni tabia ya mfumo unaofuata kanuni, si nasibu, lakini ambao tofauti ndogo sana ya mwanzo hukua upesi hadi usitabirike kwa muda mrefu. Ili kuyachunguza, funga kipimaupepo juu ya mlingoti wa mita 10, mbali na miti na majengo, kirekodi wastani wa kila dakika 10. Siku moja itakupa namba 144, na miezi mitatu takribani 13,000.

Kabla ya hesabu yoyote, ondoa mzunguko wa kila siku. Hapa Kisumu nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hivyo alasiri upepo huingia mjini kutoka Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, na usiku hugeuka ukaelekea ziwani. Usipoutoa, vipimo vyote vitakavyofuata vitakuonyesha tu kuchomoza na kutua kwa jua. Tafuta wastani wa kila wakati wa siku, kwa mfano saa tisa na dakika 10 alasiri, kisha uutoe katika namba zote za wakati huo.

Mwaka 1981 mwanahisabati Floris Takens alithibitisha kwamba kipimo cha kitu kimoja tu, kikirudiwa kwa muda, kinaweza kutosha kujenga upya umbo la mfumo mzima. Chukua kasi ya sasa, ya saa moja iliyopita na ya saa mbili zilizopita, uzifanye nukta moja yenye pande tatu. Jaribu pia nafasi nyingine za muda: ikiwa fupi mno nukta hujipanga mstari mmoja, ikiwa ndefu mno uhusiano wake hupotea.

Sasa tafuta nukta mbili zinazokaribiana ingawa zilitokea siku tofauti, ufuatilie zinavyoachana. Mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz aliliona jambo hili mwaka 1961 alipoingiza 0.506 badala ya 0.506127 katika kompyuta, na hali ya hewa aliyoikokotoa ikaachana kabisa na ile ya awali. Wastani wa kasi ya kuachana huko huitwa kipeo cha Lyapunov, na kikiwa chanya ni dalili ya machafuko.

Wengi huishia hapo, nami naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote, kwa kuwa nasibu tupu nayo hutenganisha nukta. Tengeneza mifululizo bandia yenye wastani na mawimbi yale yale ya data yako, lakini iliyopangwa kwa nasibu, uipime vivyo hivyo; matokeo yakifanana, huna ushahidi wa machafuko.

Yakitofautiana, tabiri kwa kufuata yaliyotokea baada ya nukta jirani, urudishie wastani wa siku, kisha ulinganishe na dhana nyepesi kwamba kasi itabaki ilivyo. Lenga usahihi, kwa sababu nguvu ya upepo hufuata kasi iliyopandishwa kipeo cha tatu: ukizidisha kasi kwa asilimia 10, umezidisha nguvu kwa asilimia 33.