Chokoleti ya Tabaka Tatu Wakati wa Kaskazi

Chokoleti huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi, na jikoni kwangu Kibokoni, Mombasa, oveni ikiwaka mchana wa kaskazi, msimu wetu wa joto, joto hilo tumeshalipita. Ndiyo maana biskuti hii ya tabaka tatu, chini unga, kati karameli na juu chokoleti, mimi huioka baada ya Isha, kisha nakata asubuhi.

Trei yangu ni ya mraba, sentimita 20. Itandike karatasi ya kuokea mpaka ipande kingo, upate pa kushika ukitoa. Chini: unga wa ngano gramu 175, siagi 115, sukari 50, chumvi kidogo na hiliki ya kusaga. Fikicha kwa ncha za vidole mpaka uwe kama mchanga wa ufuoni maji yakishakupwa. Shindilia kwa kitako cha gilasi, oka nyuzi 180 kwa dakika 20, uache upoe.

Tabaka la kati ndilo lenye kazi. Tia kwenye sufuria nzito kopo la maziwa mazito matamu, gramu 400 hivi, siagi 100 na sukari guru 75 iliyosagwa. Moto mdogo, na mwiko usiache kupita chini. Kwanza mapovu ni mepesi, halafu yanakuwa mazito, yanapasuka polepole, na harufu inageuka kama ya halua inayokaribia kuiva. Pitisha mwiko katikati: kitako cha sufuria kikionekana kidogo kabla ya njia kujifunga, epua hapo hapo. Simu ikilia, iache ilie. Mkesha wa Idd nilienda kupokea yangu, nikarudi nikakuta vidoa vyeusi vimejaa. Kopo zima nikamwaga, na maduka yashafungwa. Changanya korosho za Kilifi zilizokaangwa na kutwangwa kijuujuu, gramu 80, umimine. Weka kwenye friji kwa muda wa saa moja.

Juu, chokoleti nyeusi gramu 180 na kijiko kimoja cha siagi, kwenye bakuli juu ya maji yanayofuka, maji yasiguse bakuli. Kausha kila chombo vizuri: tone moja tu la maji laifanya chokoleti ishikane madongemadonge. Wengi hutia mafuta ya nazi ili ing'ae. Hapa kwetu sikushauri kabisa, kwa sababu mafuta hayo huyeyuka nyuzi 24, na Mombasa karibu mwaka mzima yako majimaji chupani. Tabaka la juu halitashika. Chokoleti ikishayeyuka, imimine juu ya tabaka la kati, urudishe trei kwenye friji.

Asubuhi toa trei, ngoja dakika 15. Chovya kisu kirefu kwenye maji moto, kipanguse, ukandamize moja kwa moja kwenda chini; ukikereza kama msumeno chokoleti itapasuka. Vipande 16 vyatosha, ni tamu sana.

Vihifadhi kwenye friji ndani ya mkebe wenye kifuniko. Ukiutoa usiufunue papo hapo: hewa yetu ina unyevu, chokoleti baridi itatoka jasho na kubaki na mabaka meupe. Uache umefungwa dakika 20, muda wa kuchemsha kahawa chungu ya tangawizi.